Mguu wa Somoe na Vidonge vya Majira

Wadogo zangu wa kliniki, mlinipa saa ya ukutani na doti mbili za khanga, mkaniambia, "Sista Filomena, sasa kapumzike." Saa nimeitundika. Khanga nazivaa. Kupumzika ndiko bado sijajua kunafanywaje.

Mchana, baada ya chakula, joto la Lindi linapolala juu ya bati, na mimi hujinyoosha kidogo kwenye mkeka wa barazani, na wanawake huja. Huja mmoja mmoja. Wengine nimewasahau majina, wengine walishatangulia mbele ya haki. Wanakaa ukingoni mwa mkeka kama walivyokuwa wakikaa kwenye benchi letu, wanavuta khanga mdomoni, wanauliza. Sista, tangu nianze vidonge nasikia kichefuchefu. Sista, nimeona damu na si siku zake. Sista, ni kweli vinachoma kizazi? Nawajibu vizuri tu, bila haraka, na wao wanaitikia kwa kichwa. Nikizinduka nakuta chai imepoa, kuku wamepanda barazani, na jibu langu bado liko mdomoni.

Nimeona afadhali niyaandike majibu hayo kabla hayajaniponyoka. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara haikuwa na mengi ya kusimulia.

Nilianza kazi Likawage. Nilitoka kwetu Newala na cheti kipya, sare mbili na viatu vyeupe, na viatu vile vilibaki vyeupe mpaka lori liliponishusha. Nakumbuka lori likiondoka, vumbi likikaa hewani muda mrefu kama lina jambo la kufikiria kwanza, kisha miti ikatokea, kisha nyumba, kisha zahanati yenye mlango wa kijani. Mlangoni alisimama mama mnene mwenye sauti ndogo, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Huyo alikuwa Bi Mwanahawa, mwenyeji wa Kivinje, muuguzi na mkunga, aliyekuwa pale kabla mimi sijajua kusoma.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Vua sare."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Sare utavaa kesho," akasema. "Leo jifunge khanga, kaa kwenye benchi na kina mama. Usiseme kama wewe ni nesi. Sikiliza."

Basi siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikiwa mgonjwa asiyeumwa. Wanawake walikuwa wametoka mashambani, mikono ina utomvu wa korosho, watoto migongoni. Walikuwa wakiongea Kimatumbi na Kiswahili vimechanganyika, na mimi na Kimakonde changu niliokota nusu. Lakini nusu ile ilitosha. Walisema vidonge vya majira, hivi ambavyo mwanamke humeza kila siku ili apishanishe uzazi, vinajikusanya tumboni. Mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu aliyepasuliwa hospitalini, vikakutwa vimejaa kama mbaazi kwenye kibuyu. Mwingine alisema havijai tumboni, vinapanda kichwani, ndiyo maana kichwa kinauma. Wa tatu akasema yeye vinamtapisha, kwa hiyo hana wasiwasi, vinatoka.

Jioni nilimsimulia Bi Mwanahawa nikicheka. Yeye hakucheka.

"Hofu ya mtu haichekwi, Filomena. Ukiicheka anaifunga kwenye khanga anaondoka nayo. Kesho utaona."

Kesho yake aliweka glasi ya maji ya uvuguvugu juu ya meza, mbele yao wote, akadondosha kidonge kimoja ndani yake. Hakuhubiri. Aliendelea kupima watoto uzito. Kina mama wakaitazama glasi. Kidonge kikaanza kulegea, kikatoa kiwingu cheupe kama maziwa, kiwingu kikazunguka polepole na kutawanyika, mwisho pakabaki maji yaliyofifia kidogo. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ndege juu ya bati. Ndipo yule wa mbaazi akasema, "Kumbe." Neno hilo moja. Mpaka leo sijaona somo la chuoni lililofika mbali kama lile.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa kipimo cha presha, kile cha zamani chenye zebaki, ndani ya sanduku la bati. Mpira wake wa kupuliza ulikuwa umezibwa kwa kiraka cha baiskeli. Alikibeba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto wa mtu mwingine. "Bila hiki," alikuwa akisema, "tunagawa dawa gizani. Mwanamke anaweza kukaa mbele yako anacheka, na presha imemkalia mabegani." Hakumpa mtu yeyote pakiti ya kwanza kabla ya kumpima. Aliuliza pia kama anavuta tumbaku, kama ananyonyesha, kama kichwa chake huuma upande mmoja huku macho yakiona vimulimuli, kama mama yake au dada yake aliwahi kuvimba mguu au kufa ghafla. Mimi nilidhani anapiga soga. Nilichukua muda kuelewa kwamba soga ile ndiyo ilikuwa uchunguzi wenyewe.

Kwake nilijifunza mambo madogo yaliyonilisha miaka yote. Mwenye kichefuchefu ameze baada ya chakula cha usiku, alale nacho, na mara nyingi hali hiyo hupita pakiti mbili tatu zikiisha. Matone ya damu katikati ya mwezi mwanzoni hayana haja ya kumtisha mtu, lakini yakiendelea arudi aonwe. Matiti kujaa, moyo kuwa mzito bila sababu, uso kuota madoa, yote hayo tuyasikilize, na ikibidi tumbadilishie aina. Kidonge cha jana kikisahauliwa kimezwe mara tu kinapokumbukwa. Na vile vya rangi ya udongo mwishoni mwa pakiti ni vya kuongeza damu tu, si sumu. Kulikuwa na mama mmoja aliyevipenda hivyo peke yake kwa sababu ya rangi, vyeupe akawapa kuku. Kuku hawakupata shida. Yeye alipata mapacha.

Likawage nilikaa mpaka nikaanza kuota kwa Kimatumbi. Kisha nikahamishiwa Kilangala, na Bi Mwanahawa akastaafu akarudi Kivinje. Siku naondoka alinipa mkono tu, akasema, "Usiwaambie uongo, hata ule mzuri." Sikumwuliza uongo mzuri ni upi.

Kilangala naikumbuka kwa harufu. Mikorosho ikichanua, kijiji kizima kinanukia utamu hafifu, na kina mama waliofika kliniki walikuwa na vumbi la maua nyweleni. Huko nilimpata binti aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa miezi michache, mtoto analia, haongezeki, na majirani wamekwisha kusema maziwa yamelogwa. Kumbe alianza vidonge vile vya kawaida mapema mno, alipewa na shoga yake, na kwa wanaonyonyesha hivyo vinaweza kupunguza maziwa. Tulimpa aina nyingine inayowafaa wenye watoto wachanga, tukamhimiza amnyonyeshe mara kwa mara. Nilimwona baadaye barabarani, mtoto amenona kama fenesi. Hakunisalimia kwa sababu alikuwa na mumewe. Alinikonyeza tu.

Ndipo zikaja zile zama ambazo biashara ilifunguliwa na wote walisema ruksa. Wadogo zangu, ninyi mlizaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua ilikuwaje kuona sabuni za rangi tano zimepangwa mahali palipokuwa na rafu tupu. Ilikuwa kama nchi imeamka usingizini ikakuta sikukuu. Vitambaa, redio, betri, mafuta ya kujipaka, na dawa. Dawa zilikaa kati ya majani ya chai na viberiti. Vidonge vya majira navyo vikauzwa hapo, mwanamke ananunua kama anavyonunua pipi, hapimwi, haulizwi lolote. Nilifurahi kwamba walivipata. Nilikosa usingizi kwa namna walivyovipata.

Mimi nilikuwa nimehamishiwa kisiwani, Songo Songo. Huko ruksa ilifika kwa njia ya mwani. Wanunuzi walikuja na kamba na mbegu, na wanawake ambao maisha yao yote walikuwa wakingoja mtu arudi na samaki, sasa walikuwa na shamba lao wenyewe, majini. Maji yakipwa walishuka pwani wakatawanyika, khanga zimekunjwa mpaka magotini, wameinama kwenye mistari ya kamba. Kutoka dirisha la zahanati niliwaona wadogo kabisa, juu yao mbingu na chini yao mbingu, kwa sababu maji yalitulia kama kioo. Wakati mwingine niliona kama wanalima mawingu.

Katikati yao alikuwako Somoe. Mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, watoto wanne, sauti ya kuitia watu ng'ambo. Alikuwa hafiki zahanati. Watoto wake aliwatuma na bibi yao, Bi Zainabu, mama wa mumewe, ambaye alizoea kukaa kwenye benchi langu hata asipoumwa, ili asipitwe na habari. Nilifikiri Somoe ana afya njema tu.

Asubuhi moja alinijia binti yake mkubwa, anahema. "Sista, mama kachomwa na taa. Mguu umejaa."

Taa ni samaki wa kawaida kule, analala mchangani, ukimkanyaga anakuchoma kwa mwiba wa mkia. Nilichukua vifaa vya kusafishia kidonda nikaenda. Nilipoingia chumbani nilimkuta Somoe amelala kitandani, na Bi Zainabu amekaa miguuni pake, mikono ina mafuta ya nazi, anauchua mguu wa kushoto kutoka kifundoni kwenda juu kwa nguvu zake zote.

Niliutazama mguu ule. Ulikuwa umevimba kuanzia goti kwenda chini, unang'aa, una joto. Nilitafuta kidonda cha mwiba sikukiona. Mguu wa pili ulikuwa mwembamba kama kawaida.

"Mama, acha kuchua," nikasema.

"Damu imesimama, Sista, naitembeza."

"Mama, tafadhali. Toa mikono. Sasa hivi."

Nadhani sijawahi kumkatiza mtu mzima namna ile. Bi Zainabu alitoa mikono akabaki ameishikilia hewani, mafuta yanadondoka. Mlangoni alikuwa amesimama Shabani, mume wa Somoe, mtu wa maneno machache aliyetengeneza mashine za boti. Somoe alikohoa. Akashika kifua. "Nikivuta pumzi kunachoma hapa," akasema, kama anaomba radhi.

Hayo hayakuwa ya taa. Lakini nilihitaji kujua jambo moja, na nisingelijua mbele ya watu.

"Shemeji," nikamwambia Shabani, "katafute boti yenye mashine. Tunakwenda Kilwa. Na wewe mama, naomba maji ya moto yenye chumvi."

"Chumvi?" Bi Zainabu akashangaa. "Mguu umetoka baharini, unautafutia chumvi tena?"

"Ndiyo, mama."

Chumvi ile sikuwa na kazi nayo. Walipotoka nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Somoe, unameza dawa gani?"

"Simezi dawa."

"Somoe."

Akafumba macho. Nje niliwasikia kuku, na mbali kidogo wanawake wakiitana majini. "Nikikwambia, itaishia kwako?"

"Itaishia kwangu na kwa daktari. Haitafika ukumbini kwenu."

"Vya majira. Shoga yangu ananiletea kutoka duka la Kilwa Masoko. Huyu mwanangu wa mwisho nilimzaa nimekwisha kukata tamaa, Sista. Na mwani ndio kwanza umeshika."

"Nani alikupima presha?"

Akacheka kidogo, na kicheko kikakatwa na kikohozi. "Mwenye duka alinipima kwa macho."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Kwako yupo mama mkwe kwenye benchi."

Kweli, alikuwepo. Kila siku.

"Mama yako mzazi alifariki kwa nini?"

"Alipomzaa mdogo wangu, mguu ulimvimba hivi hivi. Wakasema katupiwa kitu. Akaanguka akienda kuteka maji, basi."

Nilimshika mkono. Nikamweleza kwa maneno ya kawaida kwamba damu yake imeganda ndani ya mguu, kwamba kipande kikimeguka hupanda kifuani, na pengine kimekwisha kuanza, kwa hiyo asisimame, asitembee, mtu asimchue. Aache vidonge kuanzia saa ile. Aliuliza, "Nitakufa?" Nikasema, "Sijui. Najua kwamba tukiwahi una nafasi kubwa kuliko tukikaa." Aliitikia kwa kichwa. Nafikiri alipendelea jibu hilo kuliko kama ningemwambia usijali.

Boti ilipatikana, ya mnunuzi wa mwani, lakini maji yalikuwa yamekupwa na boti imetia nanga mbali. Tulikitoa kitanda pamoja na yeye mwenyewe. Shabani alishika upande wa kichwa. Kabla hatujafika mchangani wanawake walikuwa wameacha kamba zao wanakuja, hawakuulizwa, hawakuuliza, kila mmoja akatafuta pa kushika. Tukaingia majini. Maji yalifika magotini, kisha mapajani, vuguvugu, na mwani ulitupapasa miguu kama vidole vya watoto. Jua lilikuwa limepanda na mwanga ulikuwa kila mahali, juu na chini, mpaka sikujua kitanda kinabebwa au kinaelea chenyewe. Somoe alikuwa ameangalia juu. Katika ndoto zangu za mchana, safari ile haifiki mwisho. Tunakwenda tu, wanawake wengi na kitanda kimoja, ndani ya mwanga. Lakini siku ile tulifika, tukampakia, mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza, na Bi Zainabu akabaki majini na khanga iliyolowa mpaka kifuani, anasoma dua.

Hospitali ya wilaya walikuwa na daktari kijana aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, Mungu amweke. Wakamwanzishia sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, kisha akasafirishwa kwenda hospitali ya misheni ambako wangeweza kumwendelezea matibabu.

Tukiwa tunangoja gari la kumpeleka, Shabani alikuja kukaa karibu yangu barazani. Mikono yake ilinuka petroli.

"Sista, mke wangu ana nini?"

"Damu imeganda mguuni, shemeji, na imefika kwenye pafu."

"Imegandishwa na nini?"

"Mengine utamwuliza mwenyewe akipona. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfikisha."

Akatazama vidole vyake. "Ni vile vidonge?"

Sijui uso wangu ulijibu nini.

"Najua viko wapi," akasema. "Nimejua tangu mvua za vuli. Paa lilivuja upande ule, nikaona vitalowa. Nikavihamisha mahali pakavu. Yeye akaona vimehama, hakusema. Mimi sikusema." Akavifuta vidole kwenye shati. "Nilidhani namsitiri. Na yeye nadhani alikuwa ananisitiri mimi. Kama tungesema, angekuja kwako mchana kweupe, ungempima."

Alikuwa analia bila sauti, kama mtu anayetokwa na jasho. Nilimpa pamba ya zahanati, ndicho nilichokuwa nacho mfukoni.

Somoe alikaa hospitali ya misheni muda mrefu. Kisiwani, habari zilimtangulia kurudi, si kutoka kwangu, nadhani kwa yule shoga yake. Vidonge vimemlemaza Somoe. Vidonge vimemuua Somoe. Vidonge vimemkata Somoe mguu. Wanawake waliokuwa wakija kwangu kimyakimya waliacha, wengine wakatupa pakiti zao baharini. Mwenye presha nzuri, asiye na tatizo lolote, naye akaacha, na baada ya miezi kadhaa nilianza kuwapokea wamefunga khanga juu ya matumbo ambayo hawakuyapanga. Mmoja wao alikuwa amekwisha kukatazwa asizae tena.

Bwana mmoja alikuja kutoka wilayani kukagua, akaniambia, "Sista, waite, waambie vidonge havina madhara yoyote. Wasiwasi utaisha."

"Bwana," nikasema, "mguu wameuona."

Hapo ndipo nilipojua uongo mzuri ni upi.

Nilimtumia Somoe salamu hospitalini kumwomba ruhusa, akajibu niwaambie. Sikuwaita zahanati. Niliwafuata pwani, mahali walipokaa kufunga mbegu za mwani kwenye kamba, nikakaa mchangani nami nikafunga, vibaya, wakawa wanafungua na kurudia. Bi Zainabu alikuwepo. Ndiye aliyeanza.

"Sista, nikuulize na wenzangu wasikie. Vidonge vyako ndivyo vilivyotaka kuniulia mkwe wangu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Vidonge, pamoja na damu aliyoirithi kwa mama yake."

Mikono yote ilisimama. Walitegemea nikatae.

Nikawaambia yote. Kwamba jambo lililompata Somoe hutokea kwa wachache sana, lakini hutokea. Kwamba mimba yenyewe inaweza kugandisha damu zaidi ya vidonge, na mama yake Somoe hakuwahi kumeza kidonge hata kimoja. Kwamba wako ambao vidonge haviwafai, mwenye presha, mwenye ukoo wa kuvimba miguu, mwenye kichwa kile cha vimulimuli, mtu mzima anayevuta tumbaku, na hao wana njia nyingine, ndiyo maana tunauliza maswali mengi. Kwamba kichefuchefu hakiui. Waliuliza mpaka maji yakarudi kutulowesha. Hawakushawishika siku ile. Lakini kesho yake benchi lilikuwa na watu wawili, na Bi Zainabu hakuwepo. Alinitumia salamu kwamba ana kazi nyumbani, na kazi ile ikaendelea tangu siku hiyo. Nadhani alifahamu.

Somoe alirudi na mkongojo, mguu mzito, soksi nene ya kubana mpaka gotini kwenye joto lile. Dawa za damu alizitumia muda mrefu, na zilipokwisha tulimwekea kitanzi cha kuzuia mimba, na safari hiyo alikuja na Shabani, mchana, wamepita mbele ya msikiti. Majini hakuweza tena kusimama kutwa. Akawa anakaa mchangani kufunga mbegu, na kwa kuwa kazi za wote zilianzia kwake, maneno nayo yakaanzia kwake.

"Taa masikini kasingiziwa," alikuwa akiwaambia. "Mguu umeniuma tangu juzi yake, mimi nasema taa, taa. Taa hata hayupo, kalala kwao."

Wakicheka, alianza kujigusa mwilini kutoka juu kwenda chini, huku mkono wa pili unaendelea na kamba. Akigusa kichwa, wao wanasema: kikiuma sana. Akigusa macho: yakiona kiza au vimulimuli. Kifua: kikichoma, pumzi ikikata. Tumbo: maumivu makali. Mguu: ukivimba mmoja. "Ukiona kimojawapo?" anauliza. "Nimeacha, nimekwenda!" wanaitikia. Mimi sikumfundisha kuifanya hivyo. Ningeifanya, ingekuwa bango ukutani na mijusi ingelala nyuma yake.

Miaka ikapita kama inavyopita kisiwani, huioni ikiondoka, unaona tu watoto uliowapokea wamekuwa warefu. Gesi ikaja, wageni wakaja na kofia ngumu, mwani ukapanda na kushuka. Somoe akawa kungwi. Wasichana walipochezwa unyago yeye ndiye aliyewaweka ndani kuwafunda, na alichowafunda humo mimi sikuruhusiwa kukijua, kwa kuwa ni mgeni kutoka Newala.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu aliingia zahanati binti mmoja aliyeolewa karibuni, sikumfahamu, ametoka upande wa pili wa kisiwa. Ilikuwa saa tulivu ya asubuhi, nimekwisha kupanga vifaa. Kabla hata sijamkaribisha akagusa kichwa chake upande mmoja, akagusa macho.

"Shikamoo, Sista. Hapa kunauma tangu alfajiri, na nikitazama naona kama jua limevunjika ndani ya maji. Vidonge nimeacha. Nimekuja."

Nilimkalisha nikampima. Presha ilikuwa juu, si ya kutisha, lakini si ya kuachwa. Alikuwa amefika mapema. Wote ninaowakumbuka kwa huzuni, tofauti yao na yeye ni hiyo tu, mapema. Nilimwandikia apelekwe ng'ambo akaonwe na daktari, nikamwuliza nani alimfundisha kuja hivyo. Akatabasamu akatazama chini, kwa sababu mambo ya unyagoni hayatajwi.

Mlangoni palisimama kijana, kofia mkononi, hajui aingie au asiingie. Nikadhani amepotea njia. Kwa miaka yote ile, kwenye vyumba vyote vya kliniki nilivyofanyia kazi, ukimtoa Shabani, wanaume walikuwa wakibaki kule barabarani.

"Na wewe, baba, una shida gani?" nikamwuliza.

Akamtazama mkewe kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Hapana, Sista," akasema. "Tumekuja pamoja. Tulikuwa tunataka kuuliza, yeye akiacha hivi, sisi tutumie njia gani?"

Nikavuta kiti cha pili.